Kwa nini kiitikio kinaliza kuliko hotuba?

Mjukuu_Shinyalu: Jumamosi tulimzika nyanya. Isukuti, ngoma yetu ya Waluhya wa Isukha na Idakho, ilipigwa, mjomba akitoa mstari, sisi tukiitikia uleule, tena na tena. Hotuba zote sikulia. Kwenye kiitikio nikalia. Kwa nini?

Nyakisumu: Pole sana ndugu yangu. Ukirudia, hutafuti tena maneno. Pumzi za watu zinakuwa moja, kifua kinafunguka. Watawa wa Kikatoliki nao huimba zaburi kwa kupokezana, upande huu na ule.

Mwidakho: Pole. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swala! Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha Isukuti kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mrekodi mjomba, tafadhali.

Mjukuu_Shinyalu: Asanteni. Ana miaka 78. Jumapili naenda.