Sakafu ya mbao iliyochakaa: kukwaruza juu-juu na kupaka tena, kupiga msasa mpaka mbao itoke, au kuhamia mafuta ya nta?

Kibaraza

Wakuu, heshima kwenu. Tumehamia nyumba yenye sakafu ya mbao ngumu sebuleni na koridoni. Hali yake iko hivi: chini ya kabati na makochi vanishi ipo na inang'aa. Katikati ya sebule imefifia na ina mikwaruzo mingi ya viti, ila ukipitisha ukucha haukwami. Koridoni vanishi imekwisha kabisa, mbao zimegeuka kijivu. Karibu na dirisha la koridoni kuna doa jeusi, nahisi ni la maji.

Mafundi wamenipa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza anataka kupiga msasa kote mpaka mbao itoke, kisha vanishi mpya. Wa pili anasema kukwaruza juu-juu na kupaka mkono mmoja au miwili, yaani tabaka moja au mawili ya vanishi, kunatosha. Wa tatu anasema niachane na vanishi, nihamie mafuta ya nta. Kila mmoja anaponda njia ya mwenzake. Naomba mnilinganishie, hasa kwa upande wa kudumu na wa kazi nitakayobaki nayo baadaye.

Seremala_Mkongwe

Mkuu Kibaraza, wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa sakafu yake. Kabla ya kuchagua, jua kwanza sakafu yako imepoteza nini: vanishi peke yake, au na mbao yenyewe. Vanishi utanunua nyingine. Mbao iliyoliwa na msasa hairudi, ndiyo maana mimi huitetea mpaka milimita ya mwisho.

Anza na tone la maji. Weka matone sehemu mbalimbali: katikati ya sebule, koridoni, pembeni. Tone likisimama juu kwa dakika kadhaa, vanishi bado inalinda. Likinywewa taratibu na kuacha weusi, vanishi imekonda. Likizama papo hapo, hapo mbao iko uchi, na kukwaruza juu-juu hakutasaidia.

Kisha angalia nta. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tapentaini ya madini, sugua kona isiyoonekana. Kitambaa kikitoka na utando wa njano au kahawia unaoteleza, sakafu iliwahi kupakwa nta. Vanishi mpya haishiki juu ya nta, wala juu ya zile dawa za kung'arisha sakafu zenye silikoni. Itabanduka magamba. Watu wengi wanaolalamika kwamba kupaka juu hakufai, tatizo lao lilianzia hapa.

La mwisho ndilo mafundi wengi wanaliruka: unene. Ng'oa kizingiti cha mlangoni au kipande cha ubao wa ukutani, utazame mbao kwa ubavu. Mbao nzima ya sakafu kwa kawaida ina unene wa milimita 18 hadi 20, lakini usihesabu zote. Inayopigika msasa ni ile iliyo juu ya ulimi unaounganisha mbao na mbao, kama milimita 6 ikiwa mpya. Msasa wa kutoa vanishi yote hula kati ya nusu milimita na milimita moja. Kama ni mbao za tabaka, yaani mti halisi juu na plaiwudi chini, lile ganda la juu ndilo akiba yako yote. Likiwa chini ya milimita 2, mashine kubwa isiingie ndani.

Leta majibu, kisha tuzungumze njia.

Mama_Wawili

Natetea mafuta ya nta kwa sababu ndiyo niliyonayo nyumbani, na nina watoto wawili wanaoburuta kila kitu. Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi ya pili. Ikichanika mahali pamoja, kiraka kitaonekana. Mafuta yanaingia ndani ya mbao, kwa hiyo sehemu iliyochoka unaisugua msasa laini, unapaka kidogo, unafuta yaliyozidi, na kesho huijui ilikuwa wapi.

Lakini nisikudanganye. Sakafu hii inadai kuangaliwa. Koridoni narudia kupaka mapema kuliko chumbani. Maji yakimwagika yanafutwa saa hiyohiyo. Sabuni ni ile iliyotengenezwa kwa sakafu za mafuta, kwa sababu sabuni kali huyanyonya. Kama ndani ya nyumba hakuna mtu wa kufuatilia hayo, chukua vanishi.

Na yule fundi wa tatu akwambie ukweli: huwezi kuhamia mafuta bila kwanza kutoa vanishi yote. Mafuta hayapenyi vanishi. Ukichagua njia yake, umechagua na msasa wa fundi wa kwanza.

Nyuzi

Mama Wawili kanena. Njia ya tatu si mbadala wa msasa, ni mbadala wa vanishi. Kwa hiyo Kibaraza ana maswali mawili. Swali la kwanza: msasa wote au juu-juu? Swali la pili linakuja tu kama mbao itatoka: uipake nini?

Kibaraza

Ahsanteni sana. Nimefanya majaribio yote. Sebuleni tone limesimama karibu kila mahali, njia ya kwenda mlangoni limezama polepole. Koridoni limezama mara moja. Kitambaa kimetoka na vumbi tu, hakuna utando. Kwenye kizingiti nimeona ni mbao nzima, na juu ya ulimi zimebaki kama milimita 4, maana yake iliwahi kupigwa msasa siku za nyuma.

Seremala_Mkongwe

Basi sakafu yako imejigawa yenyewe. Sebule usiipige msasa wote. Ina vanishi, haina nta, mikwaruzo yake haijafika kwenye mbao. Isafishe vizuri, kisha mashine ya kuzungusha yenye wavu wa msasa namba 150 au karibu na hapo ipite mpaka mng'ao ufe kote. Pembeni fanya kwa mkono. Nyonya vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri pakauke, paka mkono mmoja au miwili. Hutapoteza mbao ya kuhesabika, na unaweza kurudia tena na tena miaka ijayo, mradi usisubiri vanishi iishe. Kosa la wengi ni kusubiri mpaka mbao ionekane.

Kwanza jaribu eneo dogo, la ukubwa wa kiganja. Kwaruza, paka, acha ikauke vizuri, kisha ikwaruze kwa ukingo wa sarafu. Ikitoka unga mdogo, imeshika. Ikibanduka kama karatasi, simama.

Koridoni hakuna ujanja, ni msasa mpaka mbao. Ile rangi ya kijivu ni mbao iliyoshambuliwa na maji na mwanga. Ukiipaka vanishi juu yake, umeifungia humo. Mpaka wa kazi mbili uweke kwenye kizingiti cha mlango, au kwenye mstari ambapo mbao inaisha. Ukiuweka katikati ya ubao, jicho litauona kila siku.

Pindo

Mimi napingana kidogo na Mzee Seremala. Sebule ikibaki na vanishi ya zamani iliyokwisha kuwa njano, na korido ikatoka mpya, rangi hazitafanana. Nimeishi na tofauti hiyo na iliniudhi mpaka nikapiga msasa kote. Kwa mtu mwenye milimita 4, msasa mmoja bado anao.

Seremala_Mkongwe

Ni hoja ya haki, Pindo. Rangi itatofautiana, hasa miezi ya mwanzo. Lakini milimita 4 si za msasa wa mwaka huu peke yake. Nyumba itakaa, na atakayeishi humo baadaye atazihitaji. Mlango wa sebule ukiwa unafungwa, mimi ningevumilia tofauti hiyo. Kama sebule na korido ni uwazi mmoja, hapo nakubaliana nawe.

Kibaraza

Kuna mlango, wakuu. Nitagawa kazi. Sasa koridoni nipake nini? Ndiyo njia ya kila mtu mchana kutwa.

Nyuzi

Kwa korido, poliyurethani, yaani ile vanishi ngumu ya sakafu. Swali ni ya mafuta au ya maji.

Ya mafuta huipa mbao rangi ya asali, na inaendelea kuwa njano kadiri miaka inavyokwenda. Inajitandaza yenyewe, kwa hiyo mpakaji asiye na uzoefu hapati michirizi mingi. Mikono 2 au 3 inatosha. Ubaya wake ni harufu kali na kusubiri: kati ya mkono na mkono ni saa 8 hadi 24, na ugumu wake kamili unaweza kuchukua mpaka siku 30.

Ya maji hubaki karibu haina rangi. Hukauka kwa saa 2 hadi 4, harufu ni ndogo, na ugumu kamili huja ndani ya wiki moja au mbili. Lakini tabaka lake ni jembamba, tegemea mikono 3 au 4, na inataka mkono wa haraka kwa sababu ukingo wake ukikauka kabla hujaufikia, mstari unabaki. Pia mkono wa kwanza huinua nyuzi za mbao, sakafu inakuwa na vinyweleo. Hilo ni kawaida: isugue kwa msasa laini, nyonya vumbi, endelea.

Kwa kuwa sebule yako ina vanishi iliyokwisha kuwa njano, ya mafuta koridoni itakusogeza karibu na rangi ile. Nayo ndiyo ninayokupendekezea, kama mnaweza kulala kwingine mpaka harufu iishe.

Mng'ao chagua wa chini. Vanishi inayong'aa sana inaonyesha kila mkwaruzo na kila punje ya mchanga.

Pindo

Ongezo: kama mbao ni msaji, futa kwa kitambaa chenye spiriti kabla tu ya kupaka. Ule mti una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi kushika. Na kama ni mwaloni, usisugue kwa sufi ya chuma ukitumia vanishi ya maji. Vipande vya chuma hubaki kwenye nyuzi, vinakutana na maji na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti, vinageuka madoa meusi chini ya vanishi. Tumia pedi ya nailoni.

Seremala_Mkongwe

Sasa kuhusu mashine yenyewe, maana msasa wa korido ndio utakaoamua sura ya kazi yote. Zamisha kwanza kila msumari, milimita 3 chini ya uso wa mbao. Msumari mmoja ukibaki juu utachana msasa na kutoa cheche, na cheche ikiingia kwenye mfuko wa vumbi ni moto.

Mashine ya silinda ina nguvu na haisamehe. Ishushe ikiwa imeshaanza kutembea, iinue kabla hujasimama. Ukisimama nayo chini hata kwa sekunde, umechimba bonde ambalo vanishi italionyesha vizuri zaidi. Fuata urefu wa nyuzi. Kama hujawahi kuishika, omba ile ya sahani zinazozunguka. Ni ya polepole, lakini ni vigumu kuharibu nayo. Kwa parketi, yaani sakafu ya vipande vifupi vya mbao, iliyopangwa kwa mishazari hiyo ndiyo sahihi, kwa kuwa nyuzi zake zinaelekea pande tofauti.

Namba za msasa: anza na 40 kama vanishi ni nene, kwako ambako imeisha unaweza kuanza na 60, kisha 80, kisha 100. Usiruke namba ukidhani unaokoa muda. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na ukiruka, mikwaruzo hiyo itajitokeza ukishapaka vanishi. Pembeni tumia mashine ndogo ya kingo kwa namba zilezile, na kwenye kona skrepa ya mkono.

Kama kuna mbao zilizoinuka kingo zikawa na umbo la sahani, usipige msasa bado. Huo ni unyevu. Tafuta unakotoka, acha zikauke. Ukizisawazisha zikiwa na maji, zikikauka zitatuna katikati.

Mama_Wawili

Na vumbi, jamani, watu wanalichukulia kama uchafu tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, P2 au N95, siyo kitambaa. Watoto wasiwepo. Na kama nyumba ni ya zamani na sakafu au kuta za chini zina rangi ya zamani, ipimwe kama ina madini ya risasi kabla mashine haijawashwa.

Kibaraza

Nimeelewa. Na lile doa jeusi? Msasa utalitoa?

Nyuzi

Pengine nusu tu. Doa la maji huwa jeusi kwa sababu madini ya chuma yamekutana na tanini ya mbao, na linazama kuliko msasa unavyofika. Usilifukuze kwa mashine, utachimba shimo. Maliza msasa kwanza, kisha yeyusha asidi ya oksaliki kwenye maji ya moto, chombo kiwe cha plastiki au kioo, ukivaa glavu na miwani. Paka ubao mzima, si doa peke yake, la sivyo utabaki na duara jeupe. Acha ifanye kazi, suuza zaidi ya mara moja, subiri pakauke kabisa, pitisha msasa laini kwa mkono ukiwa na barakoa. Kama ni mkojo wa mnyama, matokeo huwa hafifu. Ubao huo ni afadhali ubadilishwe.

Mgeni_Mpya

Samahani kwa kuingilia. Mimi sakafu yangu ni laminati, imechakaa koridoni vilevile. Nifuate njia ipi?

Pindo

Hakuna hata moja, ndugu. Laminati juu yake ni picha ya mbao iliyofunikwa kwa tabaka gumu la plastiki. Msasa utaifuta picha. Badilisha vipande vilivyochakaa, kama bado una akiba ya aina ileile.

Kibaraza

Swali la mwisho: vitu tunarudisha lini? Na vumbi la msasa nitupe wapi?

Seremala_Mkongwe

Kwa poliyurethani ya mafuta, tembea na soksi baada ya saa 24. Samani rudisha baada ya siku 3 au 4, kwa kuzinyanyua, na kila mguu uvishwe kipande cha feliti. Mazulia yangoje mwezi mzima, kwa sababu vanishi inahitaji hewa ili ikomae, na zulia la mapema linaacha alama yake. Mfuko wa vumbi usiuache ndani ya mashine usiku. Umwage nje, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na ukuta wa nyumba.

Mama_Wawili

Na vitambaa vya kufutia, hasa kwa atakayetumia mafuta yenye mafuta ya kitani: visikunjwe wala kurundikwa pembeni. Vinapokauka vinajitengenezea joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vilowekwe kwenye kopo la chuma lenye maji na lifunikwe.