Nimepata muhula wa uigizaji London, nianzie wapi?

Kijana wa Sakina: Wakuu, niko Sakina, Arusha. Nimepata nafasi ya kusoma uigizaji wa tamthilia za kale, akina Shakespeare, wiki 14 London kuanzia Septemba. Visa ipi, na nijiandae vipi? Usingizi sipati.

Pazia: Kozi isiyozidi miezi 6 unasoma kwa visa ya mgeni wa kawaida, mradi chuo kina ithibati. Usiombe mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Fomu mtandaoni, alama za vidole Dar, jibu kwa kawaida wiki 3. Kuigiza kwa malipo huko hairuhusiwi. Hela ya kuonyesha imeingia benki lini?

Mama Kiboriloni: Mwanangu, chuo cha sanaa TaSUBa kiko Bagamoyo hapo. Nauli ya basi tu!

Kijana wa Sakina: Hela ipo mkuu. Tuongelee jukwaa.

Silabi Kumi: Mstari wa Shakespeare kwa kawaida una silabi 10, nyepesi-nzito mara 5. Ulimi wetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi ukiupeleka hivyo kwenye Kiingereza mstari unachechemea. Gonga meza kila silabi nzito, bila kuigiza kwanza. Usivute pumzi katikati ya wazo, wazo litakufa. Weka Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere (1969), kando ya Kiingereza chake Shakespeare, maana itakufungukia. Na usipige kelele: wengi hudhani ukale ni kufoka.

Pazia: Narudia. Hela imeingia lini?

Kijana wa Sakina: Wiki iliyopita, kwa mkupuo. Ni michango ya harusi ya dada, mimi ndiye mhazini. Nikishatoa taarifa ya benki nairudisha, siibi! Na ada ya kushikilia nafasi nimeshalipa, hairudishwi, kwa hiyo msinikatishe tamaa.

Pazia: Salio linaloruka ghafla bila maelezo ndilo linalonyimisha visa. Ukidai ni lako, huo ni udanganyifu, unaweza kufungiwa miaka 10. Tafuta mdhamini: barua yake, taarifa za benki za miezi kadhaa, ushahidi wa kipato na wa undugu wenu.

Mla Ndizi: Hii chai, tena haina sukari. Chuo gani kinachukua mtu bila usaili?

Kijana wa Sakina: Usaili ulikuwa kwa video. Hotuba mbili, ya ubeti na ya kisasa, dakika 2 kila moja. Simu imelazwa, dirisha mbele yangu, alfajiri kabla bodaboda hazijaamka.

Silabi Kumi: Hapo hajadanganya. Dirisha likiwa nyuma unabaki kivuli.

Mla Ndizi: Haya, harusi lini?

Kijana wa Sakina: Jumamosi ijayo.

Pazia: Na jibu la visa wiki 3.

Mama Kiboriloni: Ngoja kwanza. Harusi ya huko Sakina, Jumamosi ijayo? Mimi nina kadi hiyo, na elfu hamsini nimeshatuma kwa mhazini.