Tupeane uzoefu: maumivu ya nyonga na kinena, wakati wa mimba na baada ya kujifungua

Mwanzisha mada
Wamama habarini za saa hizi. Nina mimba ya pili, miezi saba inaisha, na kinachonitesa sio kichefuchefu wala kiungulia, ni huku chini mbele kwenye mfupa wa kinena. Nikitaka kujigeuza kitandani usiku nahema kwanza ndio nageuka. Nikinyanyua mguu mmoja nivae nguo naona nyota mchana kweupe, na kuna mlio "ko" unatoka huko ndani, mume wangu ameusikia sio naota. Kliniki nimesema, nikajibiwa ni mimba tu hiyo ukizaa itaisha. Haya itaisha, ila hadi nizae nafanyaje na huku nina mtoto mwingine anataka kubebwa? Waliopitia naomba mseme mlivyoishi nayo, na je mkishazaa iliondoka kweli? Yaliyokukuta wewe mwenyewe tafadhali, ya jirani tuyaache leo.

MamaMapacha
Pole shosti, umeingia chama ambacho hakuna anayeomba kujiunga 😂 Mimi ilinianza tumbo halijaonekana hata, watu wananiona nachechemea wanadhani nadeka. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua hii kitu inachukia miguu kuachana. Basi kila kitu nikawa nafanya magoti yamebanana. Kugeuka kitandani: kunja magoti yote mawili, yabane, halafu mabega na nyonga na magoti vizunguke kwa pamoja, usianze na mguu mmoja ukauvuta wa pili. Kulala ubavu na mto katikati ya miguu, na mto uwe mrefu ufike hadi kwenye vifundo, watu wanaweka kwenye magoti tu halafu wanashangaa. Gauni la kulalia la satini linateleza, kugeuka kunakuwa rahisi. Kuvaa suruali, chupi, viatu, vyote UKIWA UMEKAA. Kwenye gari unakaa kitako kwanza ukiwa unatazama nje ndio unaingiza miguu yote miwili kwa pamoja, na ukiweka mfuko wa plastiki kwenye kiti unazunguka bila kujivuta. Ukifika unautoa, usije ukateleza njiani breki ikikamatwa.

Mama kijacho wiki ya 33
Hiyo ya mfuko naifanya leo leo.

Fizio wa wamama
Habari zenu, mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, na wagonjwa wangu wengi ndio hawa mnaowazungumzia kwa hiyo ngoja nieleze kidogo kinachotokea. Nyonga ni mifupa miwili mikubwa, mbele inakutana hapo kwenye kinena, nyuma kila mmoja umeshikana na mfupa wa chini ya mgongo, sakramu. Maungio matatu basi. Ukiwa mjamzito kano zinazoyashikilia zinalegea, homoni ya relaksini inachangia, uzito unaongezeka, tumbo linabadilisha unavyosimama, na mara nyingi ungio moja linacheza sana huku lingine limekaza, kama mlango wenye bawaba moja imelegea na nyingine imeshika kutu. Ndio maana kuna anayeumia mbele, kuna anayeumia nyuma juu ya makalio, mwingine inashuka mapajani ndani.

Pale mbele pana mwanya wa milimita 4 hadi 5 kwa kawaida, mimba inauongeza milimita 2 au 3 hivi na hakuna shida. Ukizidi milimita 10 ndio tunasema mifupa imeachana, na hiyo sio ya kila mtu. Halafu elewa kwamba maumivu hayalingani na upana wa mwanya, mtu ana mwanya wa kawaida kabisa na hawezi kupanda ngazi. Wajawazito kama 1 kati ya 5 wanaipata kwa kiwango fulani kwa hiyo ndiyo ni jambo la kawaida kutokea, ila hiyo kawaida isiwe sababu ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Mtoto tumboni hadhuriki. Na inatibika ukiwa bado na mimba, usisubiri uzae: kuna kufanyia kazi maungio kwa mikono, mazoezi ya makalio, tumbo la ndani na misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayobana ukizuia mkojo. Omba rufaa kwa fizio, na ukinyimwa omba tena.

Mama kijacho wiki ya 33
Kuhusu mkanda wa kushikilia nyonga mimi niseme ukweli, unanisaidia nikitembea tu. Nikikaa unanikera nautoa. Na mwanzo niliuvaa juu kwenye tumbo kumbe unatakiwa ukae chini, uzungushe nyonga zenyewe.

Baba kijacho
Samahani naingilia kikao cha wenyewe. Mke wangu ana hali hii, mimi nifanye nini zaidi ya kusema pole?

MamaMapacha
Deki, kubeba ndoo, kusukuma toroli la shopping, kutandika kitanda, kumbeba mtoto mkubwa. Chukua hizo zote. Pole unaweza kuendelea nayo 😂

Mama wa watatu
Mimi nizungumzie leba maana ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Niliambiwa na kila mtu lazima upasuliwe, daktari akasema hali hii peke yake sio sababu ya upasuaji, na upasuaji nao una kupona kwake. Tulichofanya, kabla ya leba nililala chali nikafungua magoti mpaka pale maumivu yanapoanzia, tukapima umbali kati ya goti na goti ukaandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki, kwamba wasinipanue kupita hapo. Nikazaa nimepiga magoti na mikono, wa mwisho nimelala ubavu mkunga kanishikia mguu wa juu. Kupandishwa miguu kwenye vyuma nilikataa mapema. Na kama utachomwa sindano ya ganzi ya mgongo mwambie unayekwenda naye awe macho kwa niaba yako, maana huwezi kuhisi kama wamekupanua kupita kiasi, maumivu yanakuja kesho yake.

Mgeni kidogo hapa
Upande wa pili sasa, maana kliniki wanasema ukizaa itaisha. Wengi kweli inapungua ndani ya wiki au miezi michache, yangu haikuisha hivyo. Mtoto ameanza kutambaa mimi bado nashika ukuta. Kilichokuwa kinairudisha ni kumbeba mtoto nimempakata kwenye nyonga moja, na kunyonyesha nimejikunja. Nikawa nakaa wima na mto mapajani, mtoto nambeba mbele katikati, mazoezi nikaanza madogo madogo. Karibu na siku zangu inaamka tena kidogo, wenzangu wawili wameniambia wao pia. Tendo la ndoa tulirudi taratibu, ubavu ubavu, na hilo lisemeni na waume zenu msivumilie kimya. Na kulia nililia, sitaki kuficha, unaonekana mzima usoni halafu huwezi kumtoa mtoto kitandani.

Fizio wa wamama
Nyongeza kuhusu dawa. Parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwa wengi ni sawa. Ibuprofeni na diklofenaki ukiwa mjamzito usijinunulie, mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2020 ilionya zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila daktari kwa sababu ya figo za mtoto na maji ya uzazi kupungua. Na sio kila maumivu ya huku chini ni nyonga. Damu, homa, mkojo unaochoma, maumivu yanayokuja na kuachia kwa vipindi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa ghafla, hapo nenda hospitali saa hiyo hiyo. Pia ukishindwa kabisa kukanyagia mguu mmoja, usisubiri kliniki ijayo.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, usiku wa jana nimegeuka kwa ile ya magoti, mlio upo lakini sijapiga kelele. Swali moja, nyumba yetu ina ngazi, hizo nazipandaje?

Mama wa watatu
Panda mara chache, shusha vitu vyako vyote asubuhi. Hatua moja moja, miguu ikutane kila kipandio. Kupanda tanguliza mguu usiouma, kushuka tanguliza unaouma. Zikiuma pande zote kama mimi, panda kwa makalio kinyumenyume, na atakayecheka acheke.