Gesi ya vilindini mwa Ziwa Kivu hupimwaje bila kutoroka?

Swali
Ndugu zangu, inaelezwa kwamba vilindi vya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksaidi. Takwimu hizo hupatikanaje, ilhali chupa ikivutwa kutoka mita 400 gesi hububujika na kupotea njiani? Je, anayetafuta umeme na anayehofia mlipuko hupima kitu kimoja?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, hofu yako kuhusu chupa ni ya kweli, kwani katika kina hicho shinikizo hukaribia mara 40 ya lile la hewa. Njia mojawapo ni kutia maji kidogo tu, kule kule chini, ndani ya mfuko laini usiopitisha gesi. Mfuko huvimba kadiri unavyopanda, na kilichomo hubaki chote. Nyingine ni kuteremsha kihisio chenye utando unaopitisha gesi na kuzuia maji, kikasoma shinikizo papo hapo. Utando huo unadai subira: anayeshusha waya kwa pupa huandika kina kipya na shinikizo la kina alichokwisha kupita.

Jibu la pili
Niongeze kuhusu swali la pili. Mtambo wa KivuWatt, unaozalisha umeme kwa methani ya ziwa hili na wenye uwezo wa megawati 26, unahitaji kujua kiasi cha methani katika kila mita ya ujazo ya maji. Kwa usalama, hujumlishwa shinikizo la gesi zote na kulilinganisha na uzito wa maji yaliyo juu yake. Shinikizo hilo likiuzidi uzito huo, viputo huanza vyenyewe. Katika Kivu, hata pale palipojaa zaidi, limefikia karibu nusu tu. Kaboni dioksaidi ni nyingi mara tano, lakini kwa kuwa methani huyeyuka kwa shida, ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya shinikizo hilo. Tusisahau Ziwa Nyos, Kamerun, ambako kaboni dioksaidi iliyolipuka kutoka vilindini iliua watu wapatao 1,700 usiku wa tarehe 21 Agosti 1986.

Jibu la tatu
Naomba tahadhari moja katika kulinganisha miaka. Vipimo vya mwaka 2004, vilipowekwa kando ya vile vya 1974, vilidokeza kwamba methani inaongezeka. Mwaka 2018 makundi kadhaa yalipopima ziwa hilo kwa pamoja kwa mbinu tofauti, ongezeko hilo halikuthibitika. Kwa hiyo ukiona namba mpya, uliza kwanza ilipimwa kwa kifaa gani.