Tagi za viungo vyangu zimenishinda, naombeni msaada

Mwalimu wa Ngamiani
Habari za leo, wadau. Nafundisha Kiswahili hapa Tanga. Kwa miaka sita nimekusanya viungo vya mtandaoni kuhusu kwetu: makaburi ya Tongoni, mapango ya Amboni, taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star, maisha ya Shaaban Robert. Vimepita mia nne, na kila kimoja nilikipa tagi, yaani neno la kukitafutia, iliyonijia siku hiyo.

Jana darasani nilitaka rekodi moja ya taarabu. Nikabofya "muziki", haimo. "Taarabu", haimo. Kumbe niliiweka kwenye "sauti", na nyingine ziko kwenye "taarab" isiyo na u. Kubofya "tanga" ndiyo balaa: mji, mkoa, na makala nzuri mno ya kushona tanga la ngalawa, vyote chungu kimoja. Kengele ikalia watoto wananitazama. Iliniuma sana.

Na hili linanisumbua zaidi: nina picha ya shairi la zamani lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Niiite picha au maandishi?

Mkutubi, Bagamoyo
Pole, mwalimu. Umechanganya maswali mawili: kitu ni nini, na kinahusu nini. "Sauti" ni aina. "Taarabu" na "Tongoni" ni mada. Zitenge. Sisi wakutubi tuna utaratibu wa kueleza vitu tunavyohifadhi, uitwao Dublin Core, ulioanza 1995 katika mji wa Dublin, Ohio, kule Marekani (wengi hudhani ni ule wa Ayalandi). Una vipengele 15, lakini wewe anza na vitatu: aina, mada na umbo la faili.

Shairi lako nalo limefikiriwa humo. Picha ya maandishi bado ni maandishi, maana anayelifungua anataka kulisoma. JPEG, yaani aina ya faili ya picha, ni umbo lake tu. Lakini ukipiga picha magofu ya Kaole, aina ni picha, mada ni Kaole.

Binti wa Chumbageni
Shikamoo mwalimu. Mkutubi kasema kweli, ila maneno yetu hubadilika mwanzoni. "Kaburi" liko K, "makaburi" yako M. Orodha ikipangwa kwa alfabeti hayakutani. Mimi nahifadhi mapishi, na mkate wa kumimina ulinipotea kwa sababu niliandika "mikate". Chagua umoja, ushike huo huo. Halafu waulize wanafunzi wangeandika neno gani, wao ndio watakaotafuta.

Nahodha Raskazoni
Andika "Tanga mjini", "Mkoa wa Tanga" na "tanga la ngalawa". Hiyo makala ya kushona naiomba, mwalimu.

Mwalimu wa Ngamiani
Marahaba, mwanangu. Asanteni nyote. Usiku huu nimeanza na taarabu, na tahajia nimeamua ni moja, yenye u. Shairi limehamia kwenye maandishi. Kesho wanafunzi wataniandikia ubaoni maneno yao kabla sijagusa Amboni. Nahodha, makala nakutumia sasa hivi.