Ngozi halisi, ngozi bandia au rangi tu? Siti za Jaguar E-Type kwenye 1:8 na 1:24

DerevaMdogo (Dar es Salaam)
Salaam wakuu. Nina modeli mbili za gari la Jaguar E-Type mezani, zote za kampuni ya Revell: moja ya 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari la kweli, na ile kubwa ya 1:8 ambayo zamani ilikuwa ya kampuni ya Monogram. Gari lenyewe lilioneshwa kwenye maonesho ya magari ya Geneva Machi 1961, na siti zake zilikuwa za ngozi, kwa hiyo nataka ndani pawe na heshima ileile. Nina vitu vitatu vya kuchagua: ngozi laini niliyoikata kwenye glavu za kike za mitumba, kipande cha ngozi bandia nilichopewa na fundi wa siti za magari, na rangi.

Kwenye 1:24 nimeshajaribu ngozi ya glavu. Siti ilivimba kama kochi la sebuleni, na sasa haiingii tena kati ya mlango na handaki la giaboksi. Nimekosea wapi?

MzeeMsasa (Moshi)
Hujakosea mkono, umekosea unene. Chukua kalamu. Ngozi ya gari la kweli ina takriban milimita 1.2. Ukiigawa kwa 24 unapata milimita 0.05. Hakuna mnyama mwenye ngozi hiyo; ni rangi tu inayofika huko. Glavu yako, tuseme ina nusu milimita: kwenye 1:24 ni sawa na kumvalisha Jaguar godoro la sentimita 1.2. Kwenye 1:8 inakuwa milimita 4. Bado ni nene, lakini jicho linavumilia.

Mimi kwenye 1:24 nafanya hivi. Nachana tishu iwe tabaka moja, naipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, naitandika mahali mgongo na mapaja yanapokaa, kisha naisukuma kwa brashi yenye maji hadi itoe mikunjo midogo. Ikikauka, rangi juu yake. Halafu kahawia nyepesi sana ya majimaji inatiririka kwenye mifereji ya mshono. Mwisho vanishi ya mng'ao wa kati, si ile ya kioo. Na pale pembeni anapopitisha paja mtu anayeingia garini, nasugua kwa kidole mpaka pang'ae kidogo, maana ngozi ya kweli huanza kung'aa hapohapo.

Skeli18 (Muscat)
Mzee, shikamoo. Nakubali kwa 1:24, ila tusiitupe ngozi haraka. CMC, watengenezaji modeli wa Ujerumani, wanatumia ngozi halisi kwenye magari yao ya 1:18, na ukishika moja mkononi unaielewa. Mkanda wa kufungia boneti, kwa mfano: wa plastiki umekaa kama umechorwa, wa ngozi unalala kwa uzito wake na una ukingo uliokatwa. Mkanda, siti na kishikio cha mlango ni vitu vitatu tofauti. Kwenye 1:18 mikanda naifanya ya ngozi kila mara, siti nafikiria mara mbili.

BintiNgozi (Nairobi)
Nafunga vitabu kwa ngozi, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hili linanigusa. Ngozi haitumiki ilivyotoka kwenye glavu. Inapunguzwa. Ilaze juu ya kioo, upande wa nyama (wa ndani) ukiangalia juu, ukwangue kwa kisu kilichonolewa upande mmoja, kutoka katikati kwenda nje, kidogokidogo. Kila baada ya muda iinue dirishani: mwanga ukianza kupenya kama kwenye karatasi yenye mafuta ya maandazi, simama. Hapo uko kama milimita 0.3. Kingo zipunguze zaidi, kwa sababu zikikunjwa zinakuwa mbili.

Unene ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni vinyweleo. Vitundu vya ngozi ya mbuzi mzima ni vikubwa, na kwenye gari dogo vinaonekana kama ngozi ya mamba. Tafuta kondoo wa manyoya mafupi au mwanambuzi, ndiyo ngozi ya glavu nzuri, kwa hiyo mitumba hapo umepatia.

Gundi: nyeupe ya mbao, paka kwenye siti na si kwenye ngozi, subiri ianze kunata. Supa gluu usiiguse. Inalowa hadi juu, inaacha doa gumu, na mvuke wake unaweka ukungu mweupe kwenye vioo vya dashibodi.

Mshono pia usishone. Mshono wa milimita 5 kwenye gari la kweli, kwenye 1:8 ni milimita 0.6 tu. Lowesha ngozi kidogo, chora mstari kwa sindano butu, kisha gonga vidoti kwa ncha ya sindano nyembamba.

KibaoMbao (Mombasa)
Naongezea kuhusu ngozi bandia, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Niliivisha siti za modeli yangu ya Peugeot 504. Mwaka wa kwanza safi. Mwaka wa pili siti ikaanza kunata, na chini yake plastiki imelainika, kidole kinaacha alama. Ile PVC laini ya ngozi bandia ina mafuta ya kuilainisha, nayo yanahamia kwenye plastiki ya modeli na kuila. Ukilazimika, ivishe kwenye siti ya resini au chonga siti upya kwa mbao.

Na ngozi halisi huku Pwani inaota kuvu. Weka vile vipakiti vya kufyonza unyevu ndani ya kabati la kioo, uvibadilishe.

Safari71 (Nakuru)
Swali langu kwa wote: gari lenyewe lilikuwa na nini? Watu wanaivisha ngozi Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, wakati siti za 240Z zilitoka kiwandani na vinili, yaani ngozi bandia. Wengine wanaivisha Ferrari 250 GTO ngozi nyekundu, na siti zake zinajulikana kwa kitambaa cha buluu. Ngozi ghali mahali pasipo pake inaharibu modeli kuliko rangi ya bei rahisi.

DerevaMdogo
Mzee Msasa, shikamoo, na asanteni nyote. Wiki mbili zimepita, nawaletea majibu.

Kwenye 1:24 niling'oa ngozi, nikafuata tishu na vanishi. Siti zimeingia bila kulazimishwa. Kwenye 1:8 nilikwangua glavu kama BintiNgozi alivyosema. Vipande vitatu vya kwanza vilitoboka, cha nne kikatoka. Nilipokikunja kwenye ukingo wa mto wa siti kilifanya mkunjo mdogo wa pembeni, uleule unaouona kwenye gari lililokaliwa. Sikuuchora, umejitokeza wenyewe.

Sasa nimebakiza kapeti. BintiNgozi, ile ngozi iliyokwanguliwa, upande wa nyama una nyuzinyuzi laini. Ukigeuzwa juu na kupakwa rangi, hauwezi kuwa zulia la 1:8?

BintiNgozi
Unaweza. Chana kwa brashi ya meno kuelekea upande mmoja kabla ya rangi, na rangi iwe ya kulowesha ngozi, si ya kupaka, la sivyo nyuzinyuzi zitashikana. Tuma picha.