Mada: Crown ya Neema imefungwa dizeli, karatasi zimegoma

Mama Neema (Bel-Air), Jumatatu usiku

Ndugu zangu hamjambo, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka kwa yeyote aliyepitia haya hapa Lubumbashi.

Neema wangu yuko UNILU, chuo kikuu cha hapa, Polytechnique, mwaka wa tatu. Baba yake alimwachia ile Toyota Crown nyeupe, modeli ya GS151, mnaijua wote, imebeba maharusi wa nusu ya jumuiya hii. Injini yake ya petroli, 1G, ikaanza kula oili, na petroli ndiyo usiseme. Bel-Air hadi chuoni Kasapa na kurudi, apitie wenzake watatu njiani, hela ya wiki inakatika Jumatano. Fundi akatutafutia injini ya dizeli, 2L-TE iliyotumika, akaifunga. Inanguruma kama daladala la Kigoma lakini inakwenda.

Leo tumeipeleka contrôle technique, kwenye ukaguzi wa magari. Kijana wa pale akafungua boneti, akasoma kibati, kisha akainama na kitambaa akasugua ubavu wa bloku mpaka namba ikatoka kwenye masizi, akaipiga picha kwa simu. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hii moteur haiko ya hii motokari." Nikamwambia ndiyo, tumebadilisha. "Basi ulete papier yake." Papier ipi? Injini tuliikuta gereji imelazwa juu ya tairi! Dirisha la kwanza, la ukaguzi, wanataka carte rose, kadi ya gari, yenye namba mpya. Dirisha la pili, jengo lilelile, wanasema carte rose haiguswi bila cheti cha dirisha la kwanza.

Swali langu ni moja tu: naanza wapi?

Fundi wa Ruashi, Jumatatu usiku

Mama Neema shikamoo. Kabla ya karatasi, nani alikushauri 2L-TE? Hiyo injini silinda hedi yake inapasuka ikipata joto kidogo tu, kila fundi anajua. Rejeta ikiwa na uchafu, au feni ikizunguka polepole, umekwisha. Na ile pampu yake ya dizeli inaongozwa na umeme, inataka kompyuta yake na sensa zake. Ukifungiwa waya nusunusu, itakuwa siku inawaka siku haiwaki.

Ningekuwa mimi ningekufungia 3L ya Hiace. Haina kompyuta, haina turbo, ukiipa umeme wa ile solenoidi ya kukata mafuta inawaka. Wanafunzi watatu wa Kasapa nimewafungia mimi, hakuna aliyerudi kulalamika.

Mwalimu wa Kasapa, Jumanne asubuhi

Fundi, sahihisho dogo. Crown ya umbo hilo ilitoka kiwandani pia na 2L-TE, ndiyo LS151. Maana yake maunti (vishikizo vya injini), sampo (bakuli la oili), gia boksi na waya vya kuifaa vipo, mtu akipata gari la kukatwa vipuri. 3L ya Hiace sampo yake imekaa kwa mpangilio wa Hiace, ukiishusha kwenye Crown inagombana na kiunzi cha chini. Hao wanafunzi watatu uliwakatia nini, sampo au kiunzi?

Fundi wa Ruashi, Jumanne asubuhi

Nilihamisha sampo, mwalimu. Sijasema ni kazi ya dakika kumi. Kila mtu afundishe anachofundisha.

Mzee wa Tunduma (barabarani), Jumanne mchana

Wanangu acheni kugombana. Mama Neema, pole sana binti yangu. Niko foleni mpakani Kasumbalesa tangu juzi, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Mimi mwaka ule nilikuwa na Mark II nyumbani, nikaitoa petroli nikaweka dizeli ya pickup. Fundi akanirudishia alteneta ileile ya petroli kwa sababu ilikuwa mpya. Sikujua. Nikashuka nayo mteremko wa Iwambi, kule Mbeya. Nyie mnaoijua Iwambi mnaijua. Nikakanyaga breki mara ya kwanza sawa, mara ya pili ngumu, mara ya tatu ni kama nakanyaga jiwe la kusagia. Gari zima limejaa mbuzi wa shemeji, na mbele yangu kuna lori la saruji. Nilishusha gia mpaka gia boksi ikalia, nikaingia kwenye changarawe pembeni. Mbuzi mmoja akatoka dirishani, hatukumpata tena.

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango wake, ule mvuto ndio unaosaidia breki. Dizeli haina mvuto huo. Kwenye hizi injini za L, pampu ya kuvuta hewa iko mgongoni mwa alteneta, inalainishwa na oili ya injini. Ukiacha alteneta ya petroli, umeacha breki. Mama Neema, mwambie fundi wako akuonyeshe hiyo pampu kwa macho yako kabla mtoto hajapanda tena. Karatasi zitasubiri.

Kuhusu karatasi, nadhani unahitaji karatasi ya FERI ya hiyo injini, na cheti cha OCC, wale wakaguzi wa bidhaa wa serikali.

Mwalimu wa Kasapa, Jumanne mchana

Mzee shikamoo, lakini hapana. FERI ni ya mzigo unaoingia nchini, inafanywa kabla mzigo haujafika mpakani. Injini ya Mama Neema imekwisha kuingia, huenda iliingia ndani ya gari zima miaka kumi iliyopita. Tusimchanganye. Na kwa kuwa wengi humu wanachanganya pia: vignette, ile kodi ya gari, ni ya mkoa, inakusanywa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga, haihusiani na namba ya injini.

Mzee wa Tunduma, Jumanne mchana

Nimesema nadhani.

Binti Ujiji, Jumanne jioni

Mama Neema pole mwaya. Mimi si mtu wa magari ila nina yangu ya kusema. Nilibadilisha rangi tu ya Corolla, kutoka bluu kwenda kijivu. Rangi! Wiki sita nilizunguka na picha nne za gari, mbele nyuma kushoto kulia, na kila dirisha likitaka nakala ya kitu kilichopo dirisha jingine. Mwishowe nilichoka nikapaka bluu tena.

Halafu watu wanasema sasa sote ni Jumuiya moja. Kongo imeingia Afrika Mashariki 2022, haya, tulishangilia, tulipika pilau. Karatasi ya gari ya Kigoma na ya hapa zingekuwa na lugha moja kwanza! Mimi Kifaransa changu kinaishia "bonjour papa" na kuomba kupunguziwa bei. Hata Kiswahili chenyewe, yule kijana akikuambia "njo vile iko", unatoka hujui kama amekubali au amekataa.

Mwalimu wa Kasapa, Jumanne jioni

"Njo vile" maana yake ndivyo hivyo. Amekataa.

Kaka wa Kampemba, Jumanne usiku

Suala si lugha, ni mikoa. Mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa ikawa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, makabati ya mafaili nayo yaligawanywa. Mimi gari langu nililisajili Kolwezi wakati Kolwezi na Lubumbashi ni mkoa mmoja. Nikitaka kurekebisha kitu, huku naambiwa faili liko kule, kule naambiwa mtu uko huku. Mama Neema, ile Crown ilisajiliwa lini na wapi? Usipojibu hilo hakuna anayeweza kukusaidia.

Mama Neema, Jumanne usiku

Lubumbashi, baba. Hapahapa. Na bado naanza wapi?

Neema, Jumatano saa 12 asubuhi

Shikamooni wajomba na mama wakubwa. Mama amenipa simu niandike mwenyewe.

Mjomba wa Tunduma, asante, pampu ipo. Nilishika breki injini ikiwa imezimwa, nikakanyaga mpaka pedali ikawa ngumu, kisha nikawasha mguu ukiwa juu yake. Ikashuka yenyewe. Fundi alikuja na alteneta ya 2L.

Tulichokosea ni tangi. Tulilimwaga petroli tukajaza dizeli bila kutoa pampu ya umeme iliyo ndani. Dizeli ikawa inavutwa kupitia pampu iliyokufa na chujio lake lililojaa uchafu wa miaka, gari likawa linazima kila nikifika mlango wa chuo, mbele ya watu wote. Tukaitoa tukaweka bomba tupu. Bomba la kurudisha mafuta lilikuwepo tayari, la mfumo wa petroli wa EFI, hatukutoboa kitu. Kipimo cha mizunguko kwenye dashibodi kimekufa, kwa sababu kilikuwa kinasoma umeme wa plagi na sasa hakuna cheche. Hii dizeli inabana hewa zaidi ya mara 20, ile 1G ilikuwa karibu mara 10, joto la hewa ndilo linalowasha.

Kitu kingine, baridi ya Juni hii. Asubuhi lazima ungoje taa ya plagi za kupashia moto izime ndipo upige stata. Wenzangu kwenye kiti cha nyuma wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama wanarusha roketi.

Ila kijana wa ukaguzi alikuwa sahihi, wajomba. Kibati kinasema GS, injini inasema 2L. Akiniandikia cheti, atakuwa ameandika gari ambalo halipo.

Fundi wa Ruashi, Jumatano asubuhi

Huyu mtoto akimaliza aje gereji kwangu.

Binti Ujiji, Jumatano mchana

Mungu amtunze. Jamani, kuna anayekuja kutoka Kigoma mwezi huu? Thomson, samaki huyu wa barafu, nimeichoka mpaka kwenye ndoto, bukari (ugali) na thomson, thomson na bukari. Nataka dagaa wa Ziwa, wale wadogo waliokaushwa juu ya mchanga, hata wakija na mchanga wenyewe sawa. Nitalipia kilo mbili.

Mzee wa Tunduma, Jumatano mchana

Mimi kilo tano, wakipatikana. Foleni imesogea malori manne.

Kaka wa Kampemba, Jumatano jioni

Mama Neema, nje ya mada kidogo. Ile 1G mliyoitoa mnaiuza? Nina mtu ana GS151, ya kwake imekatika koneksheni rodi.

Mama Neema, Jumatano jioni

Ipo barazani, nimeifunika kanga. Inakula oili, nisikudanganye. Lakini namba yake iko kwenye carte rose, papier zake zote zimekamilika.